Mshumaa Uliokataa Kufungwa

Ijumaa hiyo, saa kumi na moja jioni, mwali wa mshumaa ndani ya kompyuta uliinama kana kwamba mtu ameupulizia. Bonareri aliuona, akaendelea kuzima mashine nyingine.

Ulikuwa mchoro tu, kiprogramu cha zamani kilichopachikwa kwenye ukurasa wa matanga. Wafiwa huja kwenye saiba yake, duka la intaneti mjini Kisii, kuchapisha ratiba za mazishi, naye huwatengenezea ukurasa wenye jina la marehemu, na mshumaa unawaka chini yake. Sasa alitaka kufunga duka kabla jua halijazama na Sabato kuingia, lakini kivinjari kilikataa. Alibonyeza alama ya kufunga mara tano. Wapi.

"Mashine yako ina ukaidi wa punda, Mama Ian," alisema Ombati, fundi wa duka jirani, akivuta kiti. "Ngoja niifunge kwa nguvu."

Akaifunga. Ikarudi. Akang'oa waya ukutani, na kioo kikabaki kinang'aa, mshumaa umefupika nusu, harufu ya nta imejaa chumba kizima.

Ombati hakutania tena. "Hii si kazi ya fundi," alinong'ona. "Nampigia mzee wa kanisa."

Kabla mzee hajafika, simu ya Bonareri ililia. Alikuwa mama mkwe wake, Kemuma, akipiga kutoka kijijini Kiogoro alikokaa na mjukuu. "Ian ametoka shule akalala. Namwita, haamki. Mwili wote baridi."

Mzee Sylvanus alipofika, aliomba hadi shati likalowa. Mwali haukupungua.

"Wafu wamelala, hawajui neno lolote," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini jini linajua jina lililopewa. Binti yangu, hapo uliandika jina la nani?"

Bonareri aliinamisha kichwa. "Nilikuwa najaribu ukurasa kabla mteja hajaja. Nilikuwa na haraka, mzee. Niliandika jina la kwanza lililonijia. La mtoto wangu."

"Lifute basi," alisema Ombati.

"Nimelifuta, linarudi. Ukurasa haukubali nafasi tupu."

Mzee akafumba macho akaanza upya, na Ombati akafumba naye, na nje wauza ndizi wakafunga mizigo yao kama Ijumaa nyingine yoyote, na mshumaa ukazidi kushuka, na nyuma ya sauti ya mzee Bonareri akasikia pumzi nyingine humo ndani ya kioo, pumzi tulivu ya kitu kisicho na haraka, kinachojua kwamba lazima kitapewa jina, ndipo akanyoosha vidole kwenye kibodi, akaandika herufi moja moja.

Dirisha la kivinjari likajifunga kimya.

Simu ikalia. "Ameamka," Kemuma alisema huku analia. "Anaomba uji."

"Bwana asifiwe," alisema mzee, akijifuta jasho. Kisha akamtazama Bonareri. "Umeandika jina la nani?"

"Langu, mzee. Nipelekeni Kiogoro nikamshike mtoto, kabla kitu hicho hakijaja kunichukua."