Mkono wa Kushoto wa Maji Moto

Maiti ilikuwa chali chini ya ukuta, kwenye kivuli cha barabara ya juu inayoingia katikati ya Bangkok. Ngazi ilikuwa imelala pembeni. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na matone ya chokaa yalikuwa yamemkaukia usoni, mengine ndani ya macho yaliyobaki wazi.

Inspekta Orathai alichuchumaa. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya kutoka juu hadi chini.

"Kaanguka, afande," alisema Sajenti Decha. "Mkuu anataka tuandike ajali, faili lifungwe."

"Aliyeanguka hapaki chokaa, Decha. Mtu alimwacha hapa, akapanda, akapaka. Ndiyo maana imemdondokea machoni."

Mfukoni mwa marehemu walikuta kopo la rangi nyekundu na kipande cha plastiki kilichokatwa umbo la mdudu chungu. Kwa miezi kadhaa Orathai alikuwa akimsaka mchoraji asiyejulikana ambaye watu walimwita Maji Moto, kwa jina la yule chungu mwekundu mkali aliyemweka kama sahihi. Alikuwa akimchora Waziri ndani ya suti, na kichwa cha kenge. Jiji zima lilicheka. Hata Orathai alicheka, kwa kujificha. Sasa alikuwa amempata, na hakufurahi hata chembe.

Aliitwa Pakorn, mwandika mabango ya maduka. Mama yake, muuza kachumbari ya papai bichi, hakujua lolote kuhusu kenge. Alichojua ni kwamba mwanawe alikula, aliandika na kufanya kila kitu kwa mkono wa kulia. Lakini daktari wa maiti alikuta rangi nyekundu ya siku nyingi chini ya kucha za mkono wa kushoto. Kumbe ndivyo alivyojificha: alichora kwa mkono ambao hakuna aliyemjua nao. Orathai aliagiza siri hiyo isitoke kwenye chumba cha maiti.

Kisha akamwita Mwalimu Bunlert, mstaafu aliyemfundisha Pakorn kuchora. Siku hizi alikuwa na duka dogo, na wilaya ilimlipa kufuta michoro kwenye kuta za mtaa. Orathai alimfahamu. Wiki chache kabla alikwenda dukani kwake kumuuliza kuhusu Maji Moto, na hakumwuliza kwa upole.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Siku ya kuwaheshimu walimu. Huwa ananiletea maua."

"Ulijua ndiye Maji Moto?"

"Pakorn? Yule alikuwa anaogopa hata mende, afande."

"Nani kapaka ukuta ule?"

"Wapaka chokaa tuko wengi, na chokaa ni ileile."

Alikuwa na jibu kwa kila swali. Orathai alimwachia.

Alasiri ile mwili ulipelekwa hekaluni kuogeshwa. Pakorn alifunikwa shuka, mkono wa kulia tu ukaachwa nje, na watu wakapita mmoja mmoja wakimmiminia maji ya maua kiganjani na kumwomba msamaha, kama ilivyo desturi. Mwalimu Bunlert alimimina kama wenzake. Halafu akazunguka upande wa pili, akafunua shuka, akautoa mkono wa kushoto, na kuumiminia maji yote yaliyobaki. Alikuwa akilia. Mama Pakorn alimtazama kwa mshangao.

Orathai alimfuata uani.

"Mwalimu, kwa nini mkono wa kushoto?"

Mzee akakaa kwenye ngazi za hekalu.

"Nilimkuta anachora," alisema. "Kanichora mimi. Mimi na ndoo yangu, bega kwa bega na yule kenge. Mtaa mzima ungeniita mtumwa wa kenge. Nikamwambia shuka. Akasema, 'Mwalimu, subiri nimalize.' Nikaitikisa ngazi. Nilitaka ashuke tu."

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Alikuwa anahema. Ananiita."

"Na wewe?"

"Nikaanza kupaka chokaa."

"Hukuita gari la wagonjwa?"

"Ulikuja dukani kwangu, afande. Ulisema picha nyingine ikionekana kwenye kuta zangu, utaniweka ndani mimi badala yake. Na ile ilikuwa na uso wangu."

Orathai alikumbuka kila neno. Siku ile alitoka dukani akijiona hodari. Alitaka kusema yalikuwa maneno ya kutisha tu, akaona aibu.

Asubuhi mafundi wa uchunguzi wakaibandua chokaa kwa uangalifu. Bunlert aliletwa na pingu aonyeshe alivyoitikisa ngazi, kama watuhumiwa wote wanavyorudishwa walipotenda. Hakufika kwenye ngazi.

Ukutani uso wake ulikuwa umechorwa kwa upendo, hadi baka dogo la shavuni. Chini yake, mahali ambapo rangi ilikuwa haijafika, kulikuwa na mistari ya penseli. Mkono wa mwalimu ulishika brashi, brashi ilikuwa ikipita juu ya kenge, na nusu ya Waziri ilikuwa tayari imefutika.

Mzee akaifuata mistari ya penseli kwa kidole.

"Aliniambia nisubiri amalize," alisema.

Orathai alishindwa kumtazama. Decha alisogea, akauliza taratibu faili liandikweje.

"Andika yote aliyosema," alisema Orathai. "Na niliyomwambia dukani uyaandike pia, na jina langu."