Lea Apasuliwa Pua

Mwaka wa 1975, katika kijiji chetu cha ujamaa karibu na Kidodi, wanawake walitwanga wawili wawili kwenye kinu kimoja. Mchi wa huyu ukishuka, wa yule unapanda. Siku moja Lea aliinama kumcheka mwenzake, mchi ukamgonga puani.

Mfupa uliunga vibaya. Pua ikalala upande, tundu moja likaziba. Lea alipumua kwa mdomo. Alijifunika kanga usoni hata mbele ya mumewe, Simoni. Jamani, aliona aibu mno!

Mwishowe Simoni alimpeleka hospitali Morogoro. Daktari wa upasuaji alipitia ndani ya matundu ya pua. Alinyoosha mfupa, akanyoosha na gegedu, yaani ule mfupa laini unaoisimamisha pua. Akabandika plasta juu. Lea akarudi nyumbani na furaha yake.

Bibi yake, Generoza, alikuja kumuuguza. Bibi huyu na ugoro hawaachani.

"Mbona bado unakoroma, mjukuu wangu?"

"Pua imevimba, Bibi. Daktari amesema nivumilie."

"Uvumilie nini? Hiyo ni damu mbovu. Vuta ugoro kidogo, upige chafya, itoke yote."

Lea akavuta. Maskini! Alipiga chafya mfululizo, na damu ikachuruzika hadi kifuani.

"Mlaze chali!" Bibi akapiga kelele.

Simoni alikimbia zahanati kumwita Magreti, muuguzi wetu. Magreti alipofika hakutaka mchezo.

"Shikamoo, Bibi. Msimlaze! Damu itamwingia kooni. Lea, keti, inama mbele, pumua kwa mdomo. Damu iteme, usiimeze."

Damu ikapungua. Magreti akamulika puani kwa tochi, akakunja uso.

"Damu imejikusanya kwenye ukuta wa katikati. Ikibaki humo, gegedu litaoza na pua itadidimia. Twende hospitali sasa hivi."

"Nimemharibu mjukuu wangu!" Bibi akalia.

"Hukujua, Bibi. Sasa ujue. Aliyepasuliwa pua hapengi kamasi wala havuti ugoro. Chafya ikimjia, afungue mdomo. Alale kichwa kikiwa juu. Asibebe ndoo wala kuni mpaka daktari aruhusu. Na pua ikizidi kuziba, ikiuma sana, au homa ikipanda, asingoje kesho."

Lori la kijiji likawapeleka. Daktari aliitoa ile damu, akampa Lea na dawa ya kuzuia usaha.

Safari hii Bibi akawa mkali kuliko askari. Alinyunyiza maji uani ili vumbi lisimpigishe Lea chafya. Mwenye kumletea Lea maneno ya kuchekesha alifukuzwa, hata kama ni mtani wake. Lea alipogusa ndoo tu, Bibi alimnyang'anya.

"Weka chini! Unataka nife kwa wasiwasi?"

Siku ya kutoa plasta, wote watatu walikwenda Morogoro. Lea alifumba mdomo, akavuta hewa kwa pua. Iliingia matundu yote mawili. Alivuta tena na tena huku machozi yakimtoka, na Simoni naye akacheka kwa furaha.

Bibi alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akamtazama sana.

"Hii ndiyo pua ya marehemu mama yako," akasema. "Nilidhani nimemzika mara ya pili."