Nani Aliharibu Diski ya Kumi na Tatu?

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Nzilani alifika shuleni na kidumu cha maji mkononi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuja na maji. Mfereji wa shule ulikuwa umekauka tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia, na hakuna mkubwa aliyeuulizia. Nzilani alimimina nusu ya maji yake jikoni, na nusu kwenye ndoo ya Mama Katunge, mfagiaji wa shule.

"Umeamkaje, Mama?"

"Nimeamka vizuri, mtoto wangu. Pita upande ule. Hapa nimeshafagia, ukikanyaga utaonja ufagio!"

Mama Katunge alikuwa amefagia shule hiyo, iliyo kando ya barabara ya Kathiani, kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa na funguo za vyumba vyote. Tena alikuwa na mdomo: neno likimkaa kooni, alilitoa, awepo nani asiwepo nani.

Mwaka huo wa 1997, neno lililomkaa kooni lilikuwa kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilitoka katika kiwanda cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Bwana Mutua, mzazi aliyefanya kazi huko, aliwaomba wakubwa wake, wakatoa moja iliyochoka. Ilikuwa tupu, haina mfumo wa kuiendesha. Mfumo huo ulikuja umegawanywa katika diski kumi na tatu, vibamba vyembamba vya plastiki ambavyo kila kimoja kingetosha katika mfuko wa shati. Unaingiza ya kwanza, mashine inaisoma, inaomba ya pili, hivyo hivyo hadi ya kumi na tatu. Moja ikikataa, kazi yote ni bure.

Kompyuta ikapewa chumba, pazia na kufuli mpya, chini ya uangalizi wa Mwalimu Musembi.

"Jikoni hakuna mlango," Mama Katunge aliwaambia walimu. "Mbuzi wanaingia, wanakula sukumawiki ya watoto mkiona. Lakini hii televisheni ya Mwalimu Musembi iko na mlango, iko na pazia, iko na kufuli!"

Walimu walicheka. Mwalimu mkuu, Bwana Wathome, hakucheka. Aliliweka neno hilo akilini, kama mtu anayeweka kuni kavu akisubiri moto.

Nzilani alikuwa katika darasa la saba, naye ndiye aliyechaguliwa kiranja wa kompyuta. Baba yake, Kimeu, alikuwa mchongaji aliyejifunza kazi yake Wamunyu. Aliposikia kwamba diski zimewekwa kwenye karatasi ya sukari, alichukua gogo la muhugu akachonga sanduku refu, lenye twiga wawili ubavuni na kijimlango upande mmoja. Diski zilisukumwa ndani moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikaa ndani kabisa, na ya mwisho iligusana na mlango. Mlango wenyewe haukuhitaji komeo. Ulijifunga, tak!

Bwana Wathome aliliinua sanduku hilo mbele ya wazazi. "Tazameni! Huyu ndiye mzazi!" Wazazi walipiga makofi, na Nzilani akajiona amekuwa mrefu ghafla.

Siku ya Jumanne, Mwalimu Musembi aliiwasha mashine. Yeye alikuwa amesoma kompyuta Nairobi kwa wiki mbili, na katika shule nzima hakuna aliyejua zaidi yake. Nzilani alimpokeza diski na kuandika katika daftari. Ya kwanza, imesomwa. Ya pili, imesomwa. Darasa la saba lilijaa dirishani. Walipofika ya kumi na mbili, watoto walianza kuhesabu kwa sauti.

Ya kumi na tatu ilipoingia, mashine ilikwaruza. Krr. Krr. Krr. Kisha maneno ya Kiingereza yakatokea: diski haisomeki.

Mwalimu Musembi aliitoa, akaipangusa, akairudisha. Krr. Alisafisha kisomeo cha mashine kwa pamba na spiriti. Krr. Alijaribu mara tano. Jioni Bwana Mutua alipitia shuleni, akatikisa kichwa.

"Kabla sijazileta nilizisoma zote kiwandani, moja moja. Zote zilikuwa nzima."

"Basi zimeharibikia hapa," alisema mwalimu mkuu. "Na asubuhi, kabla hatujafika, ufunguo wa chumba hiki huwa na nani?"

Hakuna aliyetaja jina. Walitazama tu dirishani. Nje, Mama Katunge alikuwa akikamua kitambaa chake. Shutuma huanza hivyo: mtu mmoja anatazama, wa pili anatazama alikotazama wa kwanza.

Kufikia Jumatano shule nzima ilikuwa na habari. Mmoja alisema Mama Katunge alimwagia diski maji. Mwingine alisema alimwona akiikwaruza kwa msumari, na alipoulizwa alimwona saa ngapi, akasema aliambiwa. Hata Nzilani alijikuta akimkagua mikono. Asubuhi ile alimimina maji yote jikoni, akapita mbali na ndoo ya Mama Katunge bila kumsalimu. Mama Katunge alimtazama, akaendelea kufagia.

Bwana Mutua alichukua diski ile mbovu akaenda kunakili nyingine kiwandani. Alhamisi alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alipita akamkabidhi Mwalimu Musembi diski mpya ndani ya bahasha, mkono kwa mkono. Wakaanza tena kutoka mwanzo. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya kumi na moja.

Ya kumi na mbili ikaingia. Krr. Krr. Krr.

"Haiwezekani!" Mwalimu Musembi alisema. "Hii ilisomeka Jumanne!"

Nzilani alifungua daftari. Kweli, iliandikwa: Jumanne, ya 12, imesomwa.

Bwana Wathome hakuuliza jambo jingine. Alasiri ile, kwenye gwaride, mbele ya wanafunzi mia nne na zaidi, alimwita Mama Katunge.

"Leta funguo."

"Nimefanya nini, Mwalimu?"

"Ulisema mwenyewe kwamba huipendi kompyuta hii. Moja ikaharibika. Tukaileta nzima, ukaharibu nyingine. Kesho saa nne kamati itakaa, na sidhani kama utakuwa na kazi ikimaliza."

"Nilisema jikoni hakuna mlango! Hilo nalo ni kosa?"

"Leta funguo!"

Alizivua shingoni, ambako zilikuwa zimening'inia kwenye uzi kwa miaka kumi na mmoja. Mtoto mmoja alicheka. Wengine wakamfuata.

Nzilani alirudi chumbani kupanga diski. Aliweka kifuko cha vifaa vya hesabu mezani, na alipovuta sanduku, bikari yake ilisogea yenyewe, ikajibandika kwenye kijimlango. Aliibandua. Aliisogeza karibu. Ikabandika tena.

Alijua ni kwa nini. Mlango wa sanduku ulijifunga kwa sumaku. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa baba yake sumaku hiyo, aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Baba aliizika ndani ya mti, akapaka nta, isionekane. Nzilani akalitazama daftari. Jumanne, diski iliyogusana na mlango ilikuwa ya kumi na tatu. Ilipochukuliwa, ya kumi na mbili ndiyo iliyobaki ikigusana na mlango. Si mtu aliyekuwa akichagua. Ilikuwa ni nafasi.

Alimwonyesha rafiki yake Wendy.

"Nyamaza!" Wendy alinong'ona. "Unataka babako achekwe? Yule alipigiwa makofi na wazazi wote! Na huna hakika. Mwalimu alituambia tuzikinge na maji, vumbi na jua. Alisema sumaku?"

"Hakusema."

"Basi si wewe. Acha watu wakubwa wamalizane."

Nzilani alienda nyumbani na maneno hayo. Yalikuwa maneno matamu, na ndiyo maana yalimsumbua. Alimkuta baba yake bandani, amepiga magoti katikati ya vipande vya mbao.

"Nau," alimwita baba yake kwa Kikamba, kama alivyozoea. "Lile sanduku. Ninaona kama sumaku ndiyo inaharibu diski, na kesho saa nne kamati itamfukuza Mama Katunge."

Kimeu aliweka patasi chini. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Ni yule mfagiaji? Anataka kunitupia mimi kosa lake?"

"Hapana! Niliona mwenyewe. Kila inayokaa mlangoni ndiyo inayokufa."

"Sanduku langu halina ubaya!" alifoka. Akachukua patasi, akapiga mara mbili, akakosea, akapasua sikio la swara aliyekuwa akimchonga. Akalitazama sikio lile kwa muda.

"Unakumbuka ile kaseti ya kwaya yetu?" akauliza, sauti imeshuka. "Niliilaza juu ya spika wiki nzima. Nilipoicheza, nyimbo zilikuwa zimefutika, imebaki inavuma tu. Nilimshuku binamu yako Musili. Nilisema ameifuta makusudi. Mpaka leo haji hapa."

Kimeu alijipangusa vumbi la mti.

"Kesho saa nne, ulisema?"

Ijumaa kamati ilikaa ofisini. Mama Katunge alisimamishwa karibu na ukuta, ingawa kiti kilikuwapo. Mlango uligongwa, akaingia Kimeu akifuatana na binti yake.

"Tuna mkutano," Bwana Wathome alisema.

"Najua. Mnatafuta aliyeharibu diski. Ni sanduku langu. Mwambie, Nzilani."

Nzilani alilitoa sanduku, akaibandika bikari mlangoni, ikaning'inia. Akafungua daftari, akasoma: Jumanne, mlangoni ilikuwa ya 13, imekataa. Alhamisi, mlangoni ilikuwa ya 12, imekataa. Ya 13 mpya ilikuja kwa bahasha, haikulala sandukuni.

Mwalimu Musembi aliinuka haraka, akatoa daftari lake la Nairobi, akalipekua. Alisimama kwenye ukurasa mmoja, uso ukamwiva.

"Imeandikwa hapa. Mwandiko wangu. Weka diski mbali na sumaku." Akawageuzia ukurasa waone. "Niliisahau. Sikuwaambia watoto."

Bwana Wathome akakohoa, akasukuma funguo mezani.

"Basi. Tumeelewa, yamekwisha. Mama Katunge, rudi kazini. Tusilikuze jambo dogo."

Mama Katunge hakuzigusa zile funguo.

"Mwaka wa 1989 kengele ya shule ilipotea," alisema. "Mlinipekua mpaka kwenye kikapu cha chakula. Baada ya wiki mbili ilipatikana ndani ya kabati hili hapa, nyuma ya vitabu. Mliniambia vile vile, yamekwisha. Niko na watu sokoni wananiita Kengele hadi leo. Sitaki yamekwisha. Mlinivua funguo gwarideni mbele ya watoto. Mtanirudishia gwarideni mbele ya watoto hao hao."

"Mama Katunge, mimi ni mwalimu mkuu…"

"Na mimi ndiye nimeshukiwa."

Mwenyekiti wa kamati alitazama sakafu. Kimeu akasema, "Anasema kweli. Mimi nilipigiwa makofi hadharani, naye akaaibishwa hadharani. Jumatatu nitasimama naye."

Jumatatu walisimama. Bwana Wathome aliomba msamaha, na aliposema kwa sauti ndogo, darasa la saba lilipaza sauti kutoka nyuma, "Hatusikii, Mwalimu!" Akasema tena, safari hii ikasikika hadi barabarani. Alimvisha Mama Katunge funguo shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu Musembi naye alisema aliloandika na kulisahau.

Nzilani alitoka mstarini bila kuitwa. "Mama, hata mimi nilikushuku. Nilikupita bila salamu. Nisamehe."

Mama Katunge alimshika bega, akawageukia wanafunzi.

"Nyinyi mtakuwa wakubwa. Mtakuwa na ofisi, na ndani ya ofisi vitu vitaharibika. Siku hiyo msianze kutafuta mtu mnyonge aliye karibu. Anzeni na kitu chenyewe: kilikuwa wapi, kiliguswa na nini, kilisomeka lini. Mashine ilisema ukweli tangu Jumanne, lakini hakuna aliyeiuliza, kwa sababu tayari mlikuwa mnanitazama mimi. Na huyu mtoto alikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Sanduku ni la babake, na mimi ni mfagiaji tu. Hakunyamaza. Mkumbuke hivyo. Mimi nitakumbuka."

Saa nne Bwana Mutua alifika na diski mpya ya kumi na mbili. Zote zilikuwa zimerudi kwenye karatasi ya sukari. Ya kumi na mbili ikasomwa. Ya kumi na tatu ikaingia, na chumba kizima kikaacha kupumua. Hakukuwa na mkwaruzo. Kioo kikawa buluu, kisha kikaomba ubonyeze kitufe kimoja cha mwisho. Mwalimu Musembi aliondoa mkono wake, akamwita Mama Katunge.

"Bonyeza wewe."

Alijipangusa kidole kwenye leso, akabonyeza.

Wiki hiyo Kimeu aliichokoa ile sumaku, na sanduku la twiga likawa la kuwekea chaki. Jumamosi alienda kwa ndugu yake kuongea na Musili. Kisha akaleta shuleni mlango wa mbao nzito, akautia jikoni, wenye komeo la mti alilolichonga mwenyewe. Jumatatu asubuhi mbuzi walifika kama kawaida yao, wakausukuma kwa pembe, wakausukuma tena, wakabaki nje wakilia. Mama Katunge alisimama na ufagio wake akiwatazama, naye Nzilani akimimina nusu ya maji katika ndoo yake.