Mji Alioutaka Hashimu

—Jumamosi usije kwetu Mpapura, Hashimu. Waambie wazee wako posa imekufa.

Hashimu akaweka bisibisi chini. Kafe yake ya intaneti pale mtaa wa Rahaleo ilikuwa na mashine nne, na asubuhi ile mteja alikuwa mmoja tu, Amina, mchumba wake, naye hakuja kulipia saa.

—Imekufa kwa maradhi gani?

—Usinitanie! Majina ya wagonjwa wangu yamefika hadi kijijini Msimbati. Rehema kafukuzwa na mumewe kwa sababu anatumia dawa za kufubaza virusi. Orodha yao namtumia daktari Dar kupitia hapa kwako. Nani mwingine angeiona?

Mwaka ule wa 2008 Amina alikuwa mnasihi wa zahanati. Kutunza siri za watu ndiyo kazi iliyomtoa kijijini ikamweka mjini.

—Kaa hapa kwanza. Mashine namba tatu, ile unayoipenda.

Hashimu akafungua. Orodha saba zikajipanga kiooni kama vyungu gulioni.

—Nimezikuta jana jioni. Unaziandika hapa, unatuma, unaondoka. Anayekaa baada yako anasoma.

Amina akashika kinywa.

—Mie nilidhani ukishatuma imekwenda! Kama barua ya posta.

—Barua ya posta haiachi pacha nyumbani. Hii inaacha.

—Sasa jana mbona hukunipigia?

—Niseme kwenye simu mbele ya wateja? Na kufuta ilikuwa kazi yangu, mwenye kafe. Kosa tugawane, bibie.

Akazifuta zote, Amina akishuhudia. Mchana akamfuata zahanati na sidii ya programu mfukoni.

—Programu hii bei gani?

—Bure. Walioitengeneza wameitoa kwa kila mtu. Inakupa kufuli na ufunguo. Kufuli unampa daktari, naye anakupa lake. Ukiifunga orodha kwa kufuli lake, hata wewe huifungui tena. Ufunguo anao yeye peke yake.

—Hata wewe fundi?

—Hata mie. Nikichungulia nitaona mchanga mtupu. Kwa hiyo utaandikia hapa, kwenye kompyuta ya zahanati, utafungia hapa, kafe ulete kwa flashi kilichofungwa. Haya, andika maneno ya siri ya kulinda ufunguo wako. Yawe marefu.

—Niandike jina lako?

—Jina langu Rahaleo nzima inalijua! Andika usilomwambia mtu. Mie nageuka.

Akageukia ukutani, akaikodolea macho kalenda ya mwaka jana. Amina akautazama mgongo ule, shati limelowa jasho. Mtu mwenye tamaa na siri za watu hugeuka hivi?

—Bado?

—Bado. Usigeuke.

Alikwisha kuandika zamani.

Alhamisi Amina akaenda Msimbati, akamweleza Rehema ukweli wote. Rehema akamimina chai, akamsogezea kikombe.

—Dada, wengine wangemtuma mtu. Wewe kosa umelileta mwenyewe mlangoni. Mwezi ujao nitakuja kuchukua dawa.

Kesho yake simu ya Amina ikalia. Ujumbe: “Kwenye flashi niliyokurudishia kuna faili. Nimelifunga kwa kufuli lako. Fungua.”

Akaandika maneno yake ya siri. Ndani mlikuwa na neno moja tu: “Kitendawili!”

Akacheka peke yake, akampigia.

—Tega!

—Sanduku langu kila mtu hulifunga, kulifungua ni mmoja.

Jibu alilijua. Lilikuwa mezani, mbele ya macho yake: faili lile lenye kufuli lake.

—Nimeshindwa.

—Nipe mji!

—Chukua Dar es Salaam.

—Foleni zake siziwezi. Mwingine.

—Chukua Lindi.

—Lindi nina shangazi mkali. Mwingine.

Amina akavuta pumzi.

—Chukua Mpapura.

Hashimu akadakia:

—Nimekwenda Mpapura. Nimefika, nimekaribishwa, nimetandikiwa mkeka mpya...

—Mkeka upo. Ila baba hapendi wageni wanaochelewa.

—Kesho saa nne kamili, mimi na wazee wangu. Na jibu la kitendawili je?

—Si umeshapewa mji? Nyamaza basi.

Leo wana watoto watatu. Maneno yale ya siri Amina hajamwambia mumewe, na mumewe hajamuuliza. Kila akimwona anakaa kwenye kompyuta, hugeukia ukutani.