Ng'ombe Watatu Walioitwa Neema

Shamsa alikuwa karani wa kikundi cha wafugaji karibu na Soni. Kila asubuhi alifungua ofisi, akafuta vumbi kwenye kompyuta, kisha akachapa orodha ya ng'ombe waliochomwa dawa karibuni. Maziwa yao hayakufaa kunywewa mpaka siku za dawa ziishe. Orodha hiyo alimpa Bakari, mpokeaji wa maziwa.

Kompyuta ililetwa mwaka 1998. Shamsa alifundishwa kwa siku mbili tu. Mengine alibahatisha.

Asubuhi moja mama yake, Bi Mwanaheri, alileta maziwa. Bakari akaangalia orodha.

"Mama, leo siyapokei. Neema alichomwa sindano juzi."

"Neema yupi? Wangu hajaugua tangu azae!"

"Imeandikwa hapa. Mwanao ndiye aliyeandika."

Bi Mwanaheri akamgeukia binti yake. Shamsa akaichukua orodha, akaisoma upya.

Mzee Mbaraka, ambaye maziwa yake yalikuwa yamekwisha kumiminwa, akasogea. "Bakari, aliyechomwa juzi ni Neema wangu. Orodha haikunitaja, nikadhani siku zimeisha."

Maziwa yake yalikuwa yamechanganyika na ya wenzake katika kopo kubwa. Wakalibeba nje, wakayamwaga yote majanini.

Shamsa alirudi ofisini. Ndani ya kompyuta mlikuwa na majedwali mawili. La kwanza lilikuwa la ng'ombe na wenyewe. La pili lilikuwa la matibabu, na humo aliandika jina la ng'ombe tu; orodha ilimchukua mwenyewe wa kwanza aliyekuwa na ng'ombe wa jina hilo. Akasoma: Neema, Neema, Nema, Neema. Kikundini walikuwapo akina Neema watatu. Yupi ni yupi? Kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa.

Jirani yake Bertha akapiga hodi. Zamani alikuwa karani katika shamba la chai upande wa Bumbuli. Shamba lilipouzwa, makarani wengi walipunguzwa, naye akiwamo. Kompyuta aliizoea hukohuko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshika kichwa?"

Shamsa akamweleza. "Je, niandike 'Neema wa Mbaraka'?"

"Na siku Mzee Mbaraka akimuuza? Ng'ombe wenu wana nini sikioni?"

"Hereni zenye namba."

"Basi. Jina linaweza kufanana, mwenyewe anaweza kubadilika. Namba ya hereni ni ya ng'ombe mmoja. Iandike katika majedwali yote mawili."

"Kwa nini nisiweke yote katika jedwali moja?"

"Ng'ombe mmoja hutibiwa mara nyingi. Utarudia jina lake na la mwenyewe kila mara, na siku moja utakosea. Acha majedwali mawili. Tutengeneze humo kwenye kompyuta fomu moja ya kuyajaza. Juu, ng'ombe. Chini, fomu ndogo ya matibabu yake."

Shamsa akaitengeneza polepole, Bertha akimwelekeza. Alipoifungua, akashtuka.

"Mama Bertha! Matibabu yote yanatokea chini ya kila ng'ombe!"

"Hujaiambia fomu ndogo ifuate nini. Iunganishe na ya juu kwa namba ya hereni."

Akaunganisha. Safari hii, chini pakawa patupu.

"Sasa yamepotea!"

"Hayajapotea. Matibabu ya zamani hayana namba. Andika mapya ujaribu."

Shamsa akachagua ng'ombe mwenye hereni 9, akaandika chini dawa ya minyoo na tarehe. Namba 9 ikajiandika yenyewe katika jedwali la matibabu. Akaenda kwa ng'ombe mwingine, dawa ile haikuonekana. Akarudi kwa 9, akaikuta.

"Nimeanza kuelewa," alisema. "Na yale ya zamani, kompyuta itayarekebisha?"

"Hata! Haijui ni Neema yupi. Anayejua ni aliyewachoma sindano."

Kwa siku tatu Shamsa alikaa na Kassimu, bwana mifugo, wakipekua daftari lake. Kila matibabu yakapewa namba ya ng'ombe wake. Wasiyokuwa na hakika nayo, waliwauliza wenye ng'ombe.

Siku ya nne Shamsa alifungua hereni 17, Neema wa Mzee Mbaraka. Chini yake palikuwa na mistari minne ya dawa ileile ya ugonjwa wa kiwele.

"Mara nne kwa miezi mitatu!" Kassimu alisema. "Mbona sikuona?"

Akaenda bandani kwa Mzee Mbaraka siku hiyohiyo. Sakafu ilikuwa tope tupu, na Neema alilala humo kila siku, uchafu ukimwingia kiweleni. Mzee Mbaraka na mkewe wakachimba mfereji, wakatandika majani makavu, wakaanza kuosha kiwele na mikono kabla ya kukamua.

Miezi miwili ikapita, na mistari ile haikuongezeka. Asubuhi Bakari alimpokea Mzee Mbaraka bila swali, na watoto wa shule iliyonunua maziwa ya kikundi wakapata maziwa safi.

Siku moja mzee aliingia ofisini, akavua kofia. "Nionyeshe Neema wangu humo ndani," alisema.

Shamsa akamsogezea kiti.