Kupe Kwenye Kisogo cha Hedvig

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni. Alfajiri manyunyu yalikuwa yamelowesha pwani yote ya Roslagen, lakini kufikia saa nne jua lilishatoka na nyasi zikaanza kufuka mvuke. Ylva, msichana wa miaka kumi na miwili, alifunga viatu vyake vya mbio, akachomeka miguu ya suruali ndani ya soksi, akachukua dira. Bibi yake, Solveig, akampulizia shingoni dawa ya kufukuza wadudu.

"Bibi, yatosha! Nanuka kama duka la dawa."

"Nuka tu, mjukuu wangu. Mbu hawana adabu."

Siku hiyo timu ya watoto ilifanya mazoezi ya mbio za ramani. Katika mbio hizo kila mmoja hukimbia peke yake msituni, ramani mkononi, akitafuta vibendera vilivyofichwa kati ya miti na mawe. Jumamosi kungekuwa na mashindano ya kupokezana, na kwa miaka miwili mfululizo Ylva ndiye aliyekimbia zamu ya mwisho, ile ambayo watu wote husimama kuishangilia.

Kocha Gunvor alikunja ramani yake. "Jumamosi, Ylva utaanza. Hedvig atamaliza."

Ylva alimtazama Hedvig kwa hasira. Hedvig alihamia hapo majira ya baridi tu! Tangu asubuhi hiyo kila kitu cha Hedvig kilimkera: viatu vyake vya manjano, msuko wake mnene, kicheko chake. Mikono ya Ylva ilijaa vivimbe vya mbu, na ya Hedvig haikuwa na hata kimoja. "Hata mbu wanampendelea," alinung'unika.

Baada ya mazoezi wakasimama wawili wawili kukaguana, kama ilivyokuwa kawaida yao. Misitu ile ina kupe, na baadhi ya kupe hubeba vijidudu vya maradhi. Hakuna mtu awezaye kukiona kisogo chake mwenyewe, kwa hiyo mwenzako ndiye hukuangalia. Ylva akapangwa na Hedvig.

Hedvig aliinua msuko wake. Pale nywele zilipoanzia palikuwa na kitu cheusi, kidogo kama punje ya ufuta. Kupe. Alikwisha kuzamisha kichwa.

"Vipi, kuna kitu?"

Ylva alikitazama. *Mwache naye aumwe kidogo*, roho ikamwambia.

"Hakuna. Uko safi."

"Asante, mwenzangu. Haya, geuka, zamu yako." Hedvig alipekua nywele za Ylva taratibu, kila upande. Mara akacheka. "Simama hivyo hivyo! Kuna mmoja anapanda kwenye ukosi wako. Alikuwa safarini kuja kwako huyu!" Akamtoa kwa jani na kumkanyaga.

Ylva akachukua dira yake akaenda zake bila shukrani.

Jioni Bibi aliandaa viazi vipya na samaki wa siki. Wakainamisha vichwa, Bibi akashukuru kwa chakula, akaomba Mungu awalinde wote wawapendao na wote wasiowapenda. Kisha akangoja.

"Ylva, mbona sijasikia amina yako?"

Ylva akasogeza sahani yake kando. "Bibi, kupe akikaa kwa mtu mpaka kesho, inakuwaje?"

"Kadiri anavyokaa ndivyo hatari inavyozidi. Yuko kwa nani?"

"Hedvig. Nilimwona. Nikamwambia yuko safi."

Bibi aliweka uma chini. Hakugomba. "Vaa viatu. Samaki hawatakimbia."

Waliendesha baiskeli hadi kwa kina Hedvig, jua likiwa bado juu, maana huko kiangazi huchelewa sana kutua. Bibi alieleza jambo moja tu: kuna kupe. Akachukua kibano chenye ncha nyembamba, akamshika kupe karibu kabisa na ngozi, akamvuta moja kwa moja bila kumsokota.

"Hapakwi mafuta wala hachomwi moto," alisema. "Osha kwa sabuni. Andikeni tarehe ya leo. Likitokea doa jekundu linalotanuka, au homa, wiki hizi zijazo, nendeni kwa daktari mara moja."

Mama yake Hedvig akaandika tarehe kwenye kalenda. Hedvig akamgeukia Ylva.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na ukaniambia niko safi! Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Nilikuonea wivu. Zamu ya mwisho ilikuwa yangu."

"Ungenigombeza basi! Ungenivuta hata nywele! Mimi nilikukabidhi kisogo changu." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jumamosi walikimbia, wakawa wa nne. Ulipofika wakati wa kukaguana, Hedvig alikwenda kusimama na mtoto mwingine. Ylva akabaki peke yake mbele ya timu nzima.

"Kuna nini hapa?" Kocha Gunvor aliuliza.

Ylva angeweza kunyamaza. Badala yake akasimulia yote, mashavu yakimwaka. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe kupe mkubwa ni wewe!" Wengine wakacheka, ila Hedvig hakucheka.

"Nyamazeni," kocha alisema. "Wivu humwingia kila mtu, hata mimi mtu mzima. Kuingiwa nao si kosa. Kosa ni kuukaribisha ukae, ukunyonye damu na kukutia ugonjwa. Ylva, msituni kila mtu yuko peke yake. Kinachotufanya timu ni kwamba mwenzako anakuona pale usipoweza kujiona. Mtu akikukabidhi kisogo chake, amekupa amana."

Kisha Hedvig akaja mbele, akamgeuzia Ylva mgongo na kuinua msuko wake.

"Ahidi kwanza," alisema bila kugeuka. "Kwa sauti, wote wasikie."

Ylva akavuta pumzi. "Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: nikiona kitu kwa mwenzangu, nitasema, hata kama siku hiyo simpendi."