Gundi ya Arobaini

Mnisamehe mapema: hadithi hii nitaisimulia vibaya. Anayejua kusimulia angewatisha polepole, na mimi mdomo wangu haujui polepole. Tena kila nikifika penye ute, naruka mstari. Mkiona pengo, mjue nilikuwa nje natema mate.

Basi. Mtaa wa Murara, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, nyumba ya jirani yangu Papa Useni, muuza vitenge ambaye babu zake walitoka Kasongo. Binti yake Sumaya ameposwa, na siku ya posa watu wa mume walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Papa Useni akatazama mbao za salo yake ya kupokea wageni, nyeusi kwa moshi, akaona aibu. Akanunua rulo saba za karatasi ya kisasa ya kubandika ukutani, ile ya fedha inayong'aa kama bati jipya, yenye maua ya dhahabu. Ukisimama mbele yake unajiona, ila umepondeka kidogo, kama uso ndani ya kijiko.

Fundi alikuwa Bulonza, mukatoliki wa Bukavu. Rulo ya nne ilipobandikwa, gundi ikaisha.

"Papa, iko lazima tununue ingine," Bulonza akasema.

"Ya nini? Sisi ku masomo tulibandika daftari na fufu. Chemsha unga wa muhogo. Kuko mfuko kule jikoni."

Mke wake, Mama Alima, akajipanga mlangoni pa jiko kama askari wa barriere ya barabarani. "Ule unga haiko wa kubandika. Ni wa arobaini ya mama yako. Ulibaki, ukasema utagawia maskini."

"Maskini walishaenda kwao, na wadudu wako wanaingia mu mfuko. Marehemu atakasirikia ukuta?"

Kwao, chakula cha arobaini hakirudi stoo. Kilichopikwa au kuletwa kwa jina la marehemu kinatoka mlangoni, kinaingia mikononi mwa wenye njaa, mpaka vumbi la mwisho la mfuko. Papa Useni alijua hilo kuliko mtu yeyote, ila mng'ao ulishamwingia machoni. Bulonza akachemsha, akakoroga, akapaka, akabandika.

Kesho yake asubuhi ukuta ulikuwa na jasho.

Si unyevu. Unyevu tunaujua, tunaishi na ziwa. Hili lilikuwa jasho vuguvugu, lenye mafuta, na Mama Alima alipolipangusa, likavutika nyuzi nyuzi kama bamia. Mchana ikaja harufu ya muhogo uliolowekwa ukasahauliwa, na chini yake harufu ya pili, ya mdomo wa mtu aliyelala na njaa. Nzi wakatua kwenye maua ya dhahabu. Hakuna aliyewaona wakiruka, na ukitazama tena, hawapo.

"Mama," Sumaya akanong'ona, "kuko mutu anakula."

Wakasikiliza. Nyuma ya karatasi kitu kilitafuna mdomo wazi, chwa, chwa, bila haraka, kama kikongwe asiye na meno aliyepewa nyama.

Siku ya pili karatasi ikatoa malengelenge makubwa kama mayai. Mama Alima akachukua sindano, akatoboa moja, na ute mweupe wa moto ukamtiririkia kiganjani mpaka kiwiko, na ndani yake mabawa ya nzi, na manyoya ya kuku waliyemtafuta tangu jana, na kipande cha ngozi kilichotafunwa kikatemwa kikatafunwa tena, naye akabaki ameunyoosha mkono mbali na mwili kana kwamba haukuwa wake, akitapika bila kuinama.

"Papa, waambie wageni wasikuye," Sumaya akasema chinichini.

"Ukirudisha wakwe mara moja, hawarudi tena. Unataka kuzeekea hapa? Nyamaza, mwanangu. Tutaweka pazia."

Siku ya posa wageni wakafika. Na mimi nikafika. Pilau ya jirani haina mualiko. Muzee Aboubacar, mjomba wa bwana arusi, akapewa kiti cha heshima, mgongo ukutani. Mambo yakaenda vizuri, hata kutafuna kukanyamaza, mpaka muzee aliposhiba akaegemea, ndipo kitu kipana chenye majimaji kilipotoka pembeni ya pazia kikampitia kutoka kola mpaka kisogo, polepole, kama ng'ombe anavyolamba ndama, kikamvua kofia, pazia likaanguka, na sisi sote tukaiona kofia ya watu ikizama ndani ya ile fedha, tukaziona sura zetu zilizopondeka zikifungua midomo ingawa yetu tulikuwa tumeifumba, na sura zile zikatafuna.

Kisha ukuta ukabeua.

Muzee Aboubacar alijipangusa shingo kwa kitambaa cha meza. "Papa Useni," akasema kwa adabu, "nilikuya kuomba bibi. Sikujua na mimi niko mboga. Mutoto wetu hataoa humu mpaka hii kintu itoke."

Akaitwa Mwalimu Yusufu wa msikitini. Akafunika pua, akasoma kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Wewe nani, na unataka nini?"

Sura zote zikajibu pamoja, na mate yakaruka. "Siku ya arobaini nilisimama mlangoni na maskini. Jina la marehemu liliniita. Tukaambiwa chakula kimeisha. Hakikuisha. Nakilamba hapa."

Papa Useni akapiga magoti. "Unga ni wangu. Nilikosa."

Bulonza na vijana wakabandua karatasi yote. Mbao chini yake zilikuwa laini, za waridi, zenye vinundu kama ulimi. Unga uliobaki ukapikwa, na pilau ya wakwe ikatolewa nje pamoja nao, Sumaya akagawa mwenyewe. Zilitoka sahani arobaini. Zikarudi arobaini na moja, na hiyo moja ilikuwa imelambwa hata rangi imetoka. Ukuta ukakauka. Muzee Aboubacar, kichwa wazi, akasema, "Sasa tuongee mahari."

Lakini kabla haijaondoka, ile sauti iliuliza kitu kimoja: nani siku ile aliwafukuza maskini mlangoni kwa mzaha, akawaambia marehemu amekula zote, amebakiza mifupa yake tu?

Watu wakamtazama Papa Useni. Hapana, yeye siku ile alikuwa mkekani analia. Mlangoni aliwekwa mchekeshaji wa mtaa, ndiye mimi, na watu walicheka sana, hata maskini wawili. Ukuta wa Papa Useni leo ni msafi. Mimi ndiye ninayeamka kila asubuhi taya zimechoka kutafuna, na mke wangu amehamia kwa mama yake, anasema nilimlamba.